Mjomba wa Kukodi

Nisha mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo unatoka chumbani. Jana ulitoka ukaubamiza mlango mpaka picha ya marehemu baba yako ikapinda ukutani. Karatasi huwezi kuibamizia mlango. Utaikuta juu ya begi lako ukitoka kuoga jioni, na nakuomba uisome yote, hata kama utaisoma umenuna.

Niko dukani, nimekaa juu ya marobota ya vitenge. Jua ni kali na foleni ya malori ya kuingia Zambia haisogei. Mama mmoja wa ng'ambo, aliyekuja kutazama vitenge vya harusi, ameniuliza kwa Kibemba chake, "Ba mayo, mulelemba nshi?" Nikamjibu ninaandika barua, namwandikia binti yangu, kesho anakwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake kukutana na mchumba aliyetafutiwa. Akaweka kitenge chini. "Yule Nisha mwenye nywele zile? Huyo naye anatafutiwa?" Nikacheka tu. Ningemweleza nini? Na kitenge chenyewe hakununua.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala kuvaa, wala kuwaamkia wakubwa. Hayo unayajua, na huko uendako shangazi yako, huyo Foi wako, atakufundisha mengine mapya, pamoja na namna ya kukaa na namna ya kucheka bila kuonyesha ufizi. Mimi nataka kukuandikia kuhusu mjomba. Sisemi yule wa Upanga. Nasema mjomba wako, ndugu yangu Ezekia, tumbo moja na mimi.

Ila kabla sijaanza kugomba, acha niseme kwamba nina furaha. Ni vibaya kumwandikia mtoto barua ya hasira huku moyo unacheza, lakini ndivyo nilivyo siku hizi, vyote viwili vinakaa pamoja.

Nimeolewa, Nisha! Najua unajua. Ulikuwepo, ulivaa gauni la bluu na ukaondoka kabla ya keki. Lakini nasema tena kwa sababu bado napenda kulisema. Nikifungua duka nalisema, nikipima kitenge nalisema. Jioni Shija ananifuata tunapofunga, ananishika mkono tunavuka barabara katikati ya malori, mtu mzima na mvi zake, na vijana wa mizigo wanapiga miluzi. "Bibi harusi huyo!" Naye anawajibu, "Ndiye! Mtazameni vizuri!" Mimi uso unawaka kama wa msichana wa kidato cha pili. Akishuka Kamsamba kuangalia mpunga na ng'ombe wake, nalala na shati lake. Ndiyo, nimeliandika hilo. Mama yako analala na shati la mwanamume na hana wa kumficha.

Wewe hukuweka picha hata moja ya harusi yangu kwenye simu yako. Rafiki zako waliweka. Hata yule binti wa duka la dawa, ambaye hatuna undugu naye, aliweka, akaandika maneno matamu. Nilingoja, nikadhani umesahau. Sasa nimeelewa kwamba Foi na watu wake wangeona.

Unakumbuka Shija alivyoanza? Duka limejaa, akaingia na kofia yake. Nikamwuliza, "Baba, nikusaidie nini?" Akajibu kwa sauti ile yake ya kuitia ng'ombe, "Sina shida ya kitenge, Mama Nisha. Nimekuja kukuona wewe. Na kesho nitakuja." Duka zima likaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya kaunta. Kesho yake alipokuja kweli nikamwambia, "Si ungepiga simu?" Akasema, "Simu ya nini? Kwani nimeiba?" Na ulipofika wakati wa mahari, ng'ombe wake walipandishwa kutoka joto la Kamsamba mpaka baridi ya Mlowo, wakapita sokoni mchana kweupe. Watu wanauliza, "Ng'ombe wa nani hawa?" Na Mjomba Ezekia anatembea mbele yao kama askari wa gwaride, anajibu kila anayeuliza na hata asiyeuliza: "Wa dada yangu! Dada yangu anaolewa!"

Nilikuwa na umri wa kuitwa bibi, lakini siku ile ndiyo nilijua watu wanasema nini wanaposema ndoa.

Maana kwa baba yako haikuwa hivyo. Tulifunga kwa mkuu wa wilaya, pazia limeshushwa, mashahidi ni rafiki yake mmoja na Mjomba Ezekia. Baba yako akasema tusipige picha. Nikakubali kwa furaha! Hapo ndipo penye ujinga wangu, na hapo ndipo nataka utazame. Sikukubali kwa kulazimishwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nauza katika duka lake hili hili, na nilidhani siri ndiyo mapenzi yenyewe. Akinigusa vidole wakati wa kunipa chenji na mteja asione, nilikuwa naishi kwa mguso ule wiki nzima. Nilidhani mtu anakuficha kwa sababu anakuthamini, kama anavyoficha dhahabu. Sikujua kwamba watu huficha pia vitu vinavyowaaibisha, na kwamba anayefichwa hawezi kujua yeye ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kile kisa cha babu yako tumekicheka mara nyingi mimi na wewe. Leo sicheki. Babu yako alipokuja kutoka Dar es Salaam pamoja na Foi, baba yako aliniambia, "Ni siku chache tu." Nikavaa kitenge cha zamani, nikahamia chumba cha uani, nikawa msichana wa kazi katika nyumba yangu. Wazee wakaambiwa mama yako hayupo; wewe ulikuwa unaanza kuongea vizuri, ukaambiwa uniite Dada. Na ulikuwa na akili, Nisha, hukukosea hata mara moja. Wazee walisifu, "Mtoto huyu ana adabu, mpaka mfanyakazi anamwita Dada." Walipoondoka nikarudi chumbani kwangu, nikakwambia, sasa niite Mama. Ukanitazama, ukaniita Dada. Uliendelea mpaka mvua zikaanza. Mbele ya wateja, mbele ya majirani, Dada. Baba yako alikuwa anacheka, anasema utasahau mwenyewe.

Na huyo Foi wako alijua. Usikubali akwambie kwamba hakujua. Alikuwa ananipa sahani yake nikaoshe huku ananitazama usoni, na mara moja akanishika kidevu akasema, "Mtoto ana kidevu chako." Akaenda zake kula papai.

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Alinipenda ndani ya nyumba. Ukizima redio ya nje na kufunga dirisha, hakuna mwanamume aliyependa kama yule; alinifundisha kupika kadhi, ule mchuzi wao wa mtindi, alinikanda miguu nilipokuwa na mimba yako, aliniachia duka kwa jina langu. Lakini nje ya mlango alikuwa mtu mwingine. Nilimlilia alipofariki na nitamlilia tena, lakini nina hasira naye mpaka leo, na sasa hasira hiyo imepata pa kwenda kwa sababu naona unafanya vile vile alivyofanya, na una macho yake ukifanya.

Jambo moja tu baba yako alilitenda hadharani. Ulipozaliwa tulikupeleka Mlowo, na mbele ya ndugu zangu wote, chini ya lile bati la nyumba ya marehemu mama, alimshika Ezekia bega. Akasema, "Shemeji, kwetu sisi Wagujarati mjomba ana kazi kubwa. Siku binti anaolewa, baba hamleti. Mjomba ndiye anayemtoa ndani na kumpeleka kwenye mandapu, lile banda la maua wanapofungia ndoa. Na sari yake ya harusi, nyeupe yenye pindo jekundu, inatoka mkononi mwa mjomba. Bila mjomba hakuna harusi." Ezekia akamwambia, "Shemeji, hata kwetu Wanyiha mjomba si mtu wa kusalimiwa tu na kupewa chai. Hapo tumeelewana." Wakacheka, wakapeana mikono. Nadhani ndiyo siku pekee niliyoona watu wa kwetu na mtu wa kwao wanakubaliana kitu bila kusitasita.

Kwa hiyo Ezekia amengoja. Umekua akikutazama hivyo. Ulipofaulu, ulipougua, ulipokwenda Mbeya kucheza garba, ile ngoma ya Wagujarati, na wenzako na sketi ile ya vioo, alikuwa anauliza, "Bado tu? Nisishone suti?"

Sasa nije kwako. Uliponiambia unataka mume Mhindi, mtu wa jamii ya baba yako, sikukasirika. Wengi walidhani nitakasirika. Shangazi zako wa Mlowo walisema umenikana. Mimi nilikuuliza kwa nini, ukanijibu kitu ambacho sijakisahau. Ulisema, "Mama, nimechoka kujieleza. Hapa kila mtu ananiuliza mimi ni nini. Nataka nyumba ambayo nikiingia jikoni na kukaanga mbegu za haradali, hakuna anayeuliza nafanya nini." Nilikuelewa. Nilikuelewa mpaka nikapata wivu, kwa sababu mimi sikuwahi kuwa na nyumba ya namna hiyo mpaka mwaka huu. Nikasema, basi, mpigie Foi, si ndiyo kazi yao hiyo, wanajuana kutoka Dar es Salaam mpaka Leicester, watu wa wapi wana mtoto wa kiume, amesoma nini, anakula nini. Nilikupa baraka zangu kwa mdomo wangu. Kwa hiyo usiende huko ukawaambia mama yangu hataki Wahindi. Mama yako alimpenda Mhindi mmoja kuliko alivyojipenda, na shida ilikuwa hapo hapo.

Nilichokasirikia ni Jumapili iliyopita.

Foi ametandika leso chini ya kikombe, kana kwamba meza yangu ina ugonjwa wa kuambukiza. Wewe umekaa kwenye mkono wa kochi na simu. Mjomba Ezekia amefika kutoka Mlowo na kiroba cha parachichi, amevaa koti la kanisani. Hakuanza hata na habari za safari.

"Dada," akamwambia Foi, "mimi nijifunze mapema nisije nikamwaibisha mtoto. Siku hiyo namshika mkono wa kulia au wa kushoto? Na viatu, tunavua?"

"Usijali, kaka. Tutakuambia."

"Maana baba yake alinieleza yote. Ile sari nyeupe nimeiulizia Mbeya, wanazo. Kuna yenye pindo pana na yenye pindo jembamba. Ipi inafaa?"

"Tutakuambia tu, kaka."

Simu ya Ezekia ikalia, mnunuzi wa kahawa yake, akatoka nje kuongea. Mlango haujatulia, Foi akanisogelea.

"Mama Nisha, usinielewe vibaya."

"Bado sijakuelewa kwa namna yoyote. Sema."

"Mjomba tumeshapata. Kuna bwana Upanga, ana duka la miwani, mtu wa heshima sana. Amekubali. Atatoa sari, atamleta Nisha, atakaa kwenye picha na mke wake. Ni mtu wetu, anajua mambo yote."

"Mjomba wa Nisha yuko hapo nje."

"Ndiyo, na ni mtu mzuri. Mzuri mno! Lakini elewa. Familia ya Kunal, kijana tuliyemtafutia Nisha, tumewaambia mama yake Nisha alikuwa mtu wa Shelisheli."

"Alikuwa?"

"Alifariki," akasema, na kope haikucheza.

Nilikuwa nammiminia chai, Nisha. Marehemu anammiminia chai! Nimekuwa mtu wa Shelisheli, mimi ambaye bahari yenyewe nimeiona mara moja, nikaogopa. Na chai sikuimwaga. Watu wa hasira halisi hawamwagi kitu. Nilijaza kikombe mpaka juu kabisa ili asiweze kukiinua bila kujiunguza, nikakutazama wewe.

Nilikuwa nangoja useme neno. Lolote. Ungesema hata "Foi, mama yuko hapa." Ukasema, "Mama, ni sherehe tu. Siku moja."

Mjomba akarudi anapangusa viatu, akauliza kama chai imebaki.

Tangu siku ile nimekuwa na vita na wewe, na unajua. Usichojua ni kwamba leo asubuhi nimempigia mama yake Kunal.

Ndiyo. Ile picha uliyonionyesha, ya kijana mwenye meno mazuri amesimama kwenye theluji, ilikuja na namba ya mama yake. Niliichukua siku ile ile. Kasirika, una haki. Nilimpigia nikiwa nimeshafunga mlango wa duka kwa ndani. Nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kuuvunja ule uongo vipande vipande, na nikubaliane na matokeo, hata ukinichukia. Ni mama aliyezaliwa Iringa, aliondoka nchini akiwa msichana, Kiswahili chake kimekaa kama nguo iliyohifadhiwa sandukuni, safi na ya zamani.

"Mimi ni Mama Nisha," nikasema.

Akauliza, "Nisha yupi, dada yangu?"

"Wa Tunduma. Huyo wenu. Sikufa, na Shelisheli sikujui. Mimi ni Mnyiha wa Mlowo, nauza vitenge, na ndugu yangu ni mkulima wa kahawa. Nimeona niwaambie mwenyewe."

Unajua alifanya nini? Alicheka. Hakunicheka mimi, alicheka kama mtu aliyeambiwa jana ilikuwa Jumanne.

"Dada yangu, tunajua. Tangu mwanzo tunajua. Sisi tunaoza mtoto bila kuuliza? Shemeji yangu ana malori yanapita hapo kwenu. Alikuja dukani kwako, akanunua vitenge. Akasema mama ana adabu, duka safi, binti mzuri. Tumeridhika sana."

Nilikaa chini, hapa hapa nilipokaa sasa.

"Kama mnajua, huyo mjomba wa miwani ni wa nini?"

"Ah, huyo si kwa ajili yetu. Sisi hatuna shida yoyote. Ni watu, dada. Ukumbi utajaa watu. Unajua watu."

"Na Kunal?"

"Anajua. Naye hana shida."

"Kama hana shida, kwa nini amekubali mama mkwe wake afe?"

Akasema nisubiri kidogo, mtu anagonga mlango. Simu ikakatika. Sikumpigia tena.

Nilimfungulia Shija mlango, akanikuta nimekaa. Nikamweleza yote. Alisikiliza na kofia mkononi, halafu akauliza, "Kwa hiyo kwa kijana wanajua, kwa Foi wanajua, na sisi tunajua. Anayedanganywa ni nani?"

"Watu," nikasema.

"Hao watu wanaalikwa na nani?"

Akaendelea, "Kwetu tunakodi maturubai. Tunakodi viti, masufuria, hata kwaya. Mjomba sijawahi kusikia. Wanamkodi kwa saa au kwa kutwa?" Nikacheka mpaka nikalia, akanishika, tukakaa hivyo hivyo katikati ya vitenge kama vijana wasio na haya. Nakwambia haya ili ujue kwamba hata leo, siku mbaya hivi, nimekumbatiwa.

Sasa nisikilize, Nisha. Mpaka jana nilikuwa na kisingizio kwa ajili yako. Nilikuwa nasema, mtoto anaogopa. Anaogopa wakijua watamkataa, na mimi najua hofu hiyo, niliishi nayo chumba cha uani. Leo kisingizio kimekwisha. Hukataliwi. Wamekukubali wakijua mama yako yu hai, ni mweusi, na anapima vitenge mpakani. Hakuna wa kumdanganya ili umpate Kunal, umeshampata. Kilichobaki ni kwamba wewe unaombwa, kwa upole na kwa tabasamu, uwaondoe watu wako kwenye picha ili wageni wale chakula bila kunong'onezana.

Sijui kama Kunal ni mtu mbaya. Sitaki kudanganya, namchukia kidogo, lakini simjui. Ninachojua ni hilo neno lao la kwamba hawana shida. Baba yako pia hakuwa na shida na mtu. Na watu wasio na shida na mtu ndio walionihamishia uani, kwa sababu shida yote waliniachia niibebe mimi. Shija ana shida na watu wengi. Aligombana na kaka zake waliosema anaoa mjane wa Mhindi. Aligombana na mchungaji. Nilikuwa namwambia anyamaze, yaishe. Sasa naelewa kwamba yale magomvi ndiyo yaliyokuwa yananipenda.

Kwa hiyo ukikaa naye, huyo Kunal, usimwulize kama anakupenda. Atasema ndiyo, na pengine ni kweli. Mwambie unataka mjomba wako akulete, kisha nyamaza umtazame usoni. Utaona mwenyewe anageukia wapi kwanza, kwako au kwa mama yake. Mimi sikuwahi kumtazama baba yako usoni kwa swali la namna hiyo. Nilikuwa naogopa jibu, nikaona heri nimtazame mikono, maana mikono yake ilikuwa mizuri.

Ukiolewa na mtu wa jamii ya baba yako, nitapiga vigelegele. Nitavaa sari, Foi akitaka anifunge mwenyewe, na anikaze. Nitakaa chini, nitakula kwa mkono wa kulia, sitakuaibisha. Nitakuja na Shija na kofia yake. Lakini nitakuja nikiitwa mama. Kama jina hilo siku hiyo halina nafasi, sitakuja kukaa viti vya nyuma kama shabiki. Uani nilishakaa, na sirudi, hata kwako wewe niliyekuzaa. Sikutishi. Nakueleza nilipofika.

Ila mimi si neno. Mimi ni mama yako, nitakununia mwaka mzima kisha nitakupigia simu kuuliza kama umekula. Mjomba ndiye neno.

Hajui. Alipotoka hapa Jumapili alipitia kwa fundi Vwawa akapimwa suti, ya kijivu, akanipigia kuniuliza kama kijivu kinaendana na maua. Sikumwambia. Nimempigia Foi pia, nikamwambia akithubutu yeye kumwambia Ezekia, nitashuka Upanga na kina mama wote wa Mlowo na ngoma zao, na huyo bwana wa miwani ataziona bila miwani. Amekata simu. Siku hizi wananikatia simu wengi.

Sitamwambia mimi wala Foi. Utamwambia wewe. Kama umemchagua yeye, mwambie, na umweleze habari ya mkono na viatu. Kama umemchagua yule mwingine, mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yako, ukimtazama, usimwachie mtu akaja kugundua kwenye picha za watu. Baba yako aliweza kumwahidi mbele ya ukoo mzima. Wewe unaweza kumjibu ukiwa peke yako.

Kesho basi lenu likitoka hapa litapita Vwawa, kisha litasimama Mlowo kupakia abiria. Atakuwa amesimama upande wa soko tangu alfajiri, anatazama kila dirisha. Basi halikai pale. Fungua dirisha lako mapema.

Mama yako